Mpimaji Asiyetajwa Jina: Asili ya Desturi ya Kupima Makala za Kitaaluma

Makala haya yanakusudia kuchunguza asili ya desturi ambayo kila mwalimu wa chuo kikuu anaijua, ingawa ni wachache waliopata kuuliza ilikotoka. Mtafiti hupeleka muswada wake kwa mhariri wa jarida. Mhariri, akiuona unafaa kufikiriwa, hulifuta jina la mwandishi na kuupeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani ile ile. Hao huusoma, huandika maoni yao pasipo kutia sahihi, na kwa nguvu ya maoni hayo muswada hupigwa chapa, hurudishwa ukarekebishwe, au hukataliwa. Mwalimu anayetaka kupanda cheo hana budi kuonyesha kazi zilizopitia njia hiyo.

Waingereza humwita mtaalamu huyo kwa jina lile lile wampalo refa wa kabumbu. Mfano huo hauendi mbali, maana refa wa kabumbu huonekana na watazamaji wote, na akikosea huzomewa papo hapo. Huyu wetu hana uso. Katika makala haya tutamwita mpimaji.

Imezoeleka kusemwa kwamba upimaji huu ni mkongwe sawa na sayansi ya kisasa yenyewe, na kwamba uliwekwa ili kutenga ukweli na uongo. Tutajaribu kuonyesha kuwa madai yote mawili yana kasoro. Upimaji ulizaliwa ili kulinda jina la chama kilichochapa, wala haukudai mwanzoni kuthibitisha ukweli wa lolote. Kazi ya kumshauri mwandishi ilikuja baadaye, ikapandikizwa juu ya ile ya kwanza, na hadi leo mpimaji mmoja hutakiwa afanye zote mbili kwa kalamu moja.

Ni haki kukiri mapema kuwa mwandishi wa makala haya si mtazamaji tu katika jambo hili. Miaka michache baada ya kurudi kutoka ng'ambo, alikosomea shahada ya uzamili, alipeleka kwenye jarida moja muswada kuhusu lahaja ya Kimvita. Mifano yake yote ilikuwa imenakiliwa kutoka vinywani mwa wazee wa Mombasa. Muswada ulirudishwa umekataliwa, na mpimaji mmoja alikuwa ameisahihisha mifano ile kwa kalamu nyekundu: kila palipoandikwa "ndia" alifuta akaandika "njia", na kila "kitwa" kikageuzwa "kichwa". Chini kabisa aliandika kuwa ingefaa mwandishi ajifunze kwanza Kiswahili sanifu. Kutokana na ukurasa ule ndipo yalipoanza maswali yaliyozaa makala haya.

Tuanze na mwaka 1665, ambao hutajwa kila mara. Mwezi Machi mwaka huo Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society ya London, alitoa toleo la kwanza la Philosophical Transactions. Miezi miwili kabla yake lilikuwa limetoka jarida la Kifaransa la Journal des sçavans mjini Paris. Baraza la Royal Society liliagiza kwamba jarida la Oldenburg lipewe idhini ya kuchapwa baada ya kuangaliwa na baadhi ya wanachama. Katika makala mashuhuri waliyoyatoa mwaka 1971, Harriet Zuckerman na Robert Merton waliuweka mwanzo wa upimaji katika zama hizo, na tangu hapo tarehe hiyo imerudiwa kana kwamba ni jambo lisilo na shaka.

Lakini agizo hilo halina budi kusomwa pamoja na sheria za wakati wake. Mwaka 1662 Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kukataza kitabu chochote kisichapwe bila kibali. Royal Society, kwa hati yake ya kifalme, ilikuwa na haki ya kutoa kibali hicho kwa kazi za wanachama wake. Waliotakiwa kuliangalia jarida, basi, walikuwa wakitazama kama mna maneno ya kumtia Chama hatiani mbele ya serikali, au ya kukiaibisha mbele ya watu. Robert Hooke alipokuwa tayari kuchapisha Micrographia, kitabu chake cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, Baraza lilimtaka aongeze maneno ya kueleza kuwa dhana zake ni zake mwenyewe, Chama hakimo. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Mwaka 1667 Oldenburg mwenyewe alifungwa katika Mnara wa London kwa mambo aliyoyaandika katika barua zake wakati wa vita na Waholanzi. Hatuoni hapa mtaalamu akimpima mtaalamu mwenzake. Tunachokiona ni watu wenye hekima wakijilinda. Wanahistoria Noah Moxham na Aileen Fyfe wamelieleza jambo hili kwa urefu katika utafiti walioutoa mwaka 2018, na baada ya kazi yao ni vigumu kuendelea kuishikilia tarehe ya 1665.

Kwa karibu miaka tisini baada ya hapo jarida lile lilikuwa mali ya katibu aliyeliendesha, naye alichagua kwa hiari yake. Mabadiliko yaliletwa na kejeli. Mwaka 1751 John Hill, tabibu na mtaalamu wa mimea, alitoa kitabu kizima cha kuyacheka makala ya kipuuzi yaliyokuwa yamechapwa katika Transactions. Mwaka uliofuata Royal Society ililitwaa jarida mikononi mwake na kuunda Kamati ya Makala. Kamati hiyo ilipiga kura ya siri juu ya kila muswada, na mwandishi aliyekataliwa hakuelezwa sababu. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni tangazo ambalo Chama kililiweka mwanzoni mwa majuzuu yake. Lilisema kuwa makala yamechaguliwa kwa uzito au upya wa mada zake, au kwa jinsi yalivyoandikwa, bali Chama hakijitwishi dhamana ya ukweli wa yaliyomo. Hivyo waasisi wenyewe wa kamati hiyo walikana kwa maandishi dai ambalo sisi tumewabandika.

Haifai kupita hapa bila kutaja kwamba mjini Edinburgh palikuwa na chama cha matabibu, kilichoundwa mwaka 1731, ambacho kiligawa miswada kwa wanachama waliokuwa na ujuzi zaidi wa mada husika. Huko ndiko desturi yetu ilikokaribiwa zaidi katika karne hiyo. Mjini Paris nako, Akademia ya Sayansi ilikuwa na mazoea ya kuteua watu wa kuandika taarifa juu ya uvumbuzi na tasnifu zilizoletwa mbele yake. Taarifa hizo ndizo zilizomvutia William Whewell wa Cambridge.

Mwaka 1831 Whewell alipendekeza kwamba Royal Society nayo iwe ikiteua wanachama wawili waandike taarifa juu ya kila muswada mkubwa, na taarifa zenyewe zichapwe zikiwa na majina yao. Nia yake ilikuwa kuitangaza sayansi, kwani aliona kuwa taarifa nzuri ingeweza kupendeza watu kuliko makala yenyewe. Muswada uliochaguliwa kwa jaribio la kwanza ulikuwa wa George Airy, juu ya mwendo wa Dunia na Zuhura, na wapimaji walikuwa Whewell na John William Lubbock. Mgogoro ukazuka siku ile ile desturi ilipozaliwa. Whewell alitaka kuandika sifa na kueleza mahali pa kazi hiyo katika elimu ya nyota. Lubbock alitaka kuhesabu makosa moja baada ya jingine na kumtaka mwandishi ayarekebishe. Airy hakufurahi. Haukupita muda mrefu desturi ya kuchapa taarifa ikaachwa. Kilichobaki ni taarifa ya siri, isiyoonyeshwa hadharani, ikiwekwa katika majalada ya Chama. Kwa maneno mengine, hamu ya Whewell ya kutangaza ilikufa, na hesabu ya makosa ya Lubbock ikadumu, lakini gizani.

Giza hilo lilitenda nini, linaonekana vizuri katika kisa cha John James Waterston, nasi tutakieleza kwa kituo kwa sababu kinatuhusu kuliko visa vingine. Waterston alizaliwa Edinburgh mwaka 1811. Alikwenda Bombay kuwafundisha vijana wa jeshi la majini la Kampuni ya Mashariki ya India, na huko, mbali na maktaba na mbali na mazungumzo ya wataalamu, alishughulikia swali la asili ya joto. Alifikiri kwamba gesi ni mkusanyiko wa chembe ndogo mno zinazokwenda huku na huko pasipo kupumzika, zikigongana na kurudishana. Kanieneo ya gesi, kwa maelezo yake, ni mapigo ya chembe hizo juu ya kuta za chombo, na joto ni nguvu ya mwendo wao. Alionyesha kwa hesabu kuwa katika gesi mbili zenye joto moja, chembe nyepesi hukimbia zaidi na chembe nzito hukimbia pole, kwa kiasi kwamba wastani wa nguvu ya mwendo wao huwa sawa. Mwishoni mwa mwaka 1845 aliutia muswada katika meli kwenda London.

Muswada ulipewa wapimaji wawili. Mmoja aliamua kuwa ni upuuzi mtupu, usiofaa hata kusomwa mbele ya Chama. Wa pili naye hakuukubali msingi wake. Hata hivyo ulisomwa mwezi Machi mwaka 1846 na muhtasari wake mfupi ukachapwa, bali makala yenyewe hayakuchapwa. Kwa kanuni za Chama, muswada uliokwisha kusomwa ulikuwa mali ya Chama wala haukurudishwa. Waterston hakuwa amebakiza nakala.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila mwanafunzi wa fizikia, ila kwa majina mengine. Krönig aliitoa nadharia hiyo mwaka 1856, Clausius akaiendeleza mwaka 1857, na Maxwell akaifikisha mbali kuanzia mwaka 1860. Waterston aliendelea kuandika mambo madogo madogo, na mwaka 1883 aliondoka nyumbani kwake Edinburgh kwenda kutembea, asirudi. Mwaka 1891 Lord Rayleigh, aliyekuwa katibu wa Royal Society, aliukuta muswada ule katika majalada, na mwaka 1892 ukachapwa katika Philosophical Transactions, miaka arobaini na sita baada ya kusomwa.

Rayleigh aliandika utangulizi, na utangulizi huo wastahili kuangaliwa kwa makini kama muswada wenyewe. Alikiri kwamba kutochapwa kwa kazi ile kulirudisha nyuma taaluma hiyo kwa miaka kumi au kumi na mitano. Kisha akatoa nasaha. Mwandishi kijana anayejiona ana uwezo wa mambo makubwa, alishauri, ingemfaa ajipatie kwanza kibali cha wataalamu kwa kazi ndogo ambayo thamani yake ni rahisi kuipima, ndipo apae juu. Tena alidhani kuwa mawazo ya kubuni sana, hasa yanapotoka kwa mtu asiyejulikana, ni afadhali yapitie njia nyingine kuliko vyama vya kitaaluma. Sijui kama Rayleigh aliona uzito wa aliyoyaandika. Chama kilikuwa kimepewa muswada na mtu asiyejulikana, aliyeko mbali, anayesema jambo jipya, kikakosea, na funzo lililotolewa lilielekezwa kwa mtu asiyejulikana. Wapimaji hawakuambiwa neno.

Haki inatutaka tutaje pia kisa cha upande wa pili. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na Nathan Rosen, alipeleka kwa Physical Review muswada uliodai kuwa mawimbi ya uvutano hayapo. Mhariri John Tate aliupeleka kwa mpimaji, na mpimaji akarudisha kurasa kumi za hoja. Einstein alighadhibika. Alijibu kuwa alipeleka makala yachapwe, hakutoa ruhusa yaonyeshwe kwa wataalamu kabla ya kuchapwa, akauondoa muswada wake. Ghadhabu hiyo yaeleweka, kwa kuwa katika Ujerumani aliyoizoea wahariri ndio walioamua wenyewe. Lakini mpimaji alikuwa na haki, na makala yalipotoka mwaka 1937 katika jarida jingine, hitimisho lake lilikuwa limebadilishwa. Daniel Kennefick alithibitisha mwaka 2005, kutoka katika daftari za jarida lile, kuwa mpimaji alikuwa Howard Percy Robertson, na kwamba Robertson huyo huyo alikuwa amelieleza kosa hilo kwa msaidizi wa Einstein ana kwa ana huko Princeton. Yaani maneno yaliyokataliwa yalipokuwa hayana jina yalipokewa yalipotamkwa na mtu anayeonekana.

Wengi watashangaa wakielezwa jinsi desturi hii ilivyochelewa kuenea. Makala ya Watson na Crick juu ya umbo la DNA yalitoka katika Nature mwaka 1953 bila kupimwa na mtu wa nje. Nature ililazimisha upimaji kwa kila makala mwaka 1973, na jarida la matabibu la The Lancet likafuata mwaka 1976. Mashine za kunakili, zilizoingia maofisini kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, zilirahisisha kazi. Hapo kabla, kuwapelekea wapimaji watatu muswada mmoja kulitaka nakala za kupiga taipu upya au kuzungusha nakala moja kwa posta. Lakini sababu kubwa ilikuwa fedha. Katika Marekani ya miaka ya 1970 wabunge walianza kuhoji jinsi fedha za umma zinavyogawiwa watafiti, na mwaka 1975 mashirika yaliyogawa fedha hizo yaliitwa kujieleza. Wanasayansi walijibu kwamba wao wenyewe ndio wanaoweza kupimana. Ni wakati huo, wala si mwaka 1665, upimaji ulipoanza kutajwa kama alama ya kazi ya kisayansi, na walimu wetu waliokuwa masomoni Ulaya na Marekani wakarudi nao kana kwamba ni mila ya kale.

Jaribio la Douglas Peters na Stephen Ceci, lililochapishwa mwaka 1982, lafaa kutajwa kwa wale wanaodhani kuwa jina la mwandishi halina uzito. Walichukua makala kumi na mawili yaliyokwisha kutolewa na majarida ya saikolojia, wakabadilisha majina ya waandishi na kuweka vyuo vya kubuni visivyo na sifa, wakayarudisha kwa majarida yale yale. Matatu yaligunduliwa. Kati ya tisa yaliyobaki, manane yalikataliwa.

Sasa tuje kwetu, maana Kiswahili kina historia yake ya upimaji, nayo ni ya zamani kuliko idara zetu. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuichagua Kiunguja iwe msingi wa lugha sanifu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na kuipa idhini au kuinyima. Wasomaji wake wa mwanzo walikuwa maofisa wa elimu na wamishonari. Walichokipima kwanza ni lugha: tahajia, upatanisho wa maneno, na kama neno ni la Kiunguja au la lahaja nyingine. Hatuikani faida yake. Bila Kamati ile pengine tusingekuwa na tahajia moja kutoka Lamu hadi Kigoma, na jarida lake, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Kiswahili, limehifadhi utafiti ambao ungepotea. Kamati ilihamahama, ikapita Nairobi, Makerere na Mombasa, na mwaka 1964 ikageuzwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili mjini Dar es Salaam. Lakini ilituachia tabia moja, ya kudhani kuwa kupima ni kusanifisha. Kalamu nyekundu iliyokigeuza "kitwa" cha wazee wangu kuwa "kichwa" haikununuliwa London. Ni urithi wa hapa hapa.

Tena hatukuwa bila njia nyingine. Washairi wa pwani walipimana tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu kwa beti zilizojulikana ni za nani, na katika karne ya ishirini gazeti la Mambo Leo lilichapa mashairi pamoja na majibu yake. Mzozo wa mashairi yasiyo na vina, uliopamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, uliendeshwa vivyo hivyo, kila mtu kwa jina lake. Upimaji huo huja baada ya kuchapwa, na una madhara yake: mwenye sauti kubwa humshinda mwenye hoja, na kijana huogopa kumjibu mzee. Siwezi kudai kuwa ungetufaa katika kila jambo. Lakini aliyepimwa kwa njia hiyo alijua ni nani aliyemshika, na aliweza kumjibu.

Kuficha majina, kwa upande wetu, ni nusu ya mchezo. Wanaoandika juu ya lahaja za Kiswahili katika Kenya ni wachache mno. Mpimaji akisoma aya mbili hujua muswada umetoka idara gani, na mara nyingi hujua ni wa nani. Mwandishi naye, akisoma maoni, humtambua mpimaji kwa msamiati wake. Kinachofichika si mtu. Kinachofichika ni wajibu wa kueleza sababu, na hapo ndipo Kamati ya Makala ya mwaka 1752 ingali hai.

Mwaka jana niliketi upande wa pili wa meza. Mhariri alinipelekea muswada kuhusu Kitikuu, lahaja ambayo naisikia lakini siisemi. Nilimwandikia kwamba sifai kuupima, nikapendekeza apewe mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko kaskazini, mwenyeji wa lugha hiyo. Mhariri alijibu kwa upole kuwa kanuni zao zinataka mpimaji awe na shahada ya uzamili au zaidi, na mwingine hapatikani. Basi niliusoma kwa wiki tatu. Nilipima hoja na mpangilio, nikaeleza kuwa juu ya mifano sina uwezo wa kuhukumu, na kwamba yeyote asiisahihishe pasipo kumuuliza Mbajuni. Kisha nikatia sahihi na jina langu lote. Mhariri aliipokea taarifa, akanishukuru, na kunifahamisha kuwa jina italazimu alifute kabla ya kumpelekea mwandishi.